Wasidi wa Janjira



Huku pwani yetu, mtu akitaja wafalme wadogo wa India, fikira hukimbilia Kutch. Ana haki. Wabhatia na Wakhoja waliofungua maduka Unguja, Mombasa na Bagamoyo katika karne ya 19, wengi wao walitoka Kutch na Kathiawar, na wengi jahazi walipandia Mandvi. Lakini leo nataka tushuke kusini zaidi kwenye ramani, tuipite Bombay, tufuate ufuo wa Konkan kwa kilomita 165 hivi mpaka mji mdogo wa Murud. Mbele ya ufuo huo, katikati ya maji, kuna mwamba, na juu ya mwamba kuna ngome yenye buruji 19 na kuta zinazopanda mita 12 hivi kutoka baharini. Ngome hiyo ndiyo Janjira. Waliokaa humo wakitawala, tangu miaka ya 1620 hadi mwaka 1948, walikuwa watu wa asili ya Afrika walioitwa Wasidi.

Najua wapo watakaoshtuka. Tumezoea kusikia habari za Mwafrika ng'ambo ya bahari akiwa amebeba mzigo wa mtu mwingine, au akipiga ngoma kwenye jumba la mtu mwingine. Wasidi wa Janjira walikuwa na bendera yao, mahakama yao, majahazi yao na mizinga yao. Waingereza waliwapigia mizinga 11 ya heshima, na katika zaidi ya milki 560 za watawala wenyeji zilizokuwapo India wakati wa uhuru, nyingi sana hazikupigiwa hata mmoja. Wala Janjira haikuwa kubwa. Eneo lake la Konkan lilikuwa maili za mraba 324, karibu nusu ya kisiwa cha Unguja, na hesabu ya mwaka 1901 ilikuta watu 85,414: wakulima wa mpunga na wenye mashamba ya minazi na mipopoo, pamoja na wavuvi, wengi wao Wahindu wanaosema Kimarathi. Juu ya watu hao alikaa nawabu Mwislamu wa madhehebu ya Suni, ambaye mababu zake walivushwa Bahari ya Shamu wakiwa watoto wa kuuzwa.

Tuanze na hao watoto.

Kuanzia mwisho wa karne ya 15, eneo la nyanda za juu la Deccan lilikuwa limegawanyika kwa masultani: Ahmadnagar, Bijapur, Golconda na wengineo. Masultani hawa walipigana wao kwa wao, na kila mmoja aliwaogopa ndugu zake na wakuu wa nchi yake kuliko adui wa nje. Mtawala wa namna hiyo hutafuta askari asiye na ukoo mjini, asiye na mjomba wa kumshawishi wala shamba la urithi la kulitetea. Ndiyo sababu walinunua vijana wa Uhabeshi. Wafanyabiashara waliwatoa bara, wakawapitisha bandari za Bahari ya Shamu, wakawauza Yemen na Iraki, na kutoka huko wengine wakavushwa hadi India. Walisilimishwa, wakafundishwa kusoma, kuhesabu, kupanda farasi na kupigana. Bwana akifa, mara nyingi mtumwa aliachwa huru, na mtu huru mwenye ujuzi wa vita hakukosa kazi Deccan.

Maarufu kuliko wote ni Malik Ambar. Alizaliwa Uhabeshi katikati ya karne ya 16, akauzwa na kuuzwa tena, akafika Ahmadnagar akanunuliwa na Chingiz Khan, waziri mkuu wa sultani, ambaye mwenyewe alikuwa Mhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa. Bwana wake alipofariki, Ambar aliachwa huru, akakusanya askari wachache wa farasi, wakawa mamia, wakawa maelfu. Wamughal, watawala wa India ya kaskazini, walipouteka mji wa Ahmadnagar mwaka 1600 wakidhani wamemaliza kazi, Ambar alimweka sultani mpya kwenye kiti na akaongoza vita vya kuvizia kwa zaidi ya miaka ishirini. Mfalme Jahangir wa Wamughal alimchukia kiasi cha kuchorewa picha akiwa anakipiga mshale kichwa cha Ambar. Mshale huo ulibaki kwenye picha. Ambar alikufa kwa umri wake mwaka 1626, akazikwa Khuldabad, na mji alioujenga mwaka 1610 kwa jina la Khadki ndio ulioitwa baadaye Aurangabad.

Nasisitiza jambo moja hapa, kwa sababu tunapenda kujichukulia sifa. Hawa walikuwa Wahabeshi, watu wa pembe ya Afrika, na haitupasi kuwafanya Waswahili. Watumwa waliotoka kwenye pwani yetu na bara yake walifika India pia, wengi zaidi katika karne za baadaye, na habari yao ni nyingine, nitaifikia. Wahindi waliwaita wote kwa jina moja, Sidi au Habshi, na jina moja limefanya historia mbili zionekane kama moja.

Sasa turudi kwenye mwamba. Kabla ya Wasidi, kisiwa hicho kilikuwa kimbilio la wavuvi wa kabila la Koli. Walijenga boma la magogo kujikinga na maharamia, na mkuu wao alikuwa Ram Patil. Wenyeji wa Murud mpaka leo wanasimulia kuwa Ahmadnagar ilimtuma nahodha aliyeitwa Piram Khan, naye akajifanya mfanyabiashara aliyezidiwa na bahari, akaomba hifadhi, akawakaribisha wavuvi kwa pombe, na usiku askari wakatoka ndani ya mapipa aliyoyapakua kama bidhaa. Hadithi ya namna hiyo husimuliwa kwenye ngome nyingi za dunia, na sitaapa kwamba ilitokea hivyo. Lililo wazi ni kwamba kufikia nusu ya pili ya karne ya 16 kisiwa kilikuwa cha Ahmadnagar, magogo yameondolewa na mawe yamewekwa, na magavana wake walikuwa Wahabeshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1620 aliwekwa Sidi Ambar, ambaye waandishi humwita Ambar Mdogo ili asichanganywe na Malik Ambar. Kwake ndiko orodha ya watawala wa Janjira inapoanzia.

Mkuu wa Janjira aliitwa Waziri. Jina la Nawabu lilikuja baadaye. Na Waziri alipofariki, kiti hakikuwa cha mwanawe. Wakuu wa Wasidi, yaani manahodha wa majahazi na makamanda wa ngome, walimweka aliyeonekana anaweza, na mara nyingi alikuwa ofisa wa kwanza wa kikosi cha majini. Mimi naamini hapo ndipo ilipo siri ya Janjira, kuliko kwenye unene wa kuta. Watu hawa waliletwa mmoja mmoja, kila mmoja akiwa ameng'olewa kwao, hana shangazi wala kaburi la babu la kuzuru. Kikosi kikawa ukoo wao. Mtu alimjua mwenzake kwa jinsi alivyoshika usukani kwenye dhoruba na jinsi alivyosimama penye tundu la ukuta wakati wa mizinga. Watu wa aina hiyo wakipewa nafasi ya kuchagua kiongozi, hawachagui mtoto kwa sababu ya baba yake.

Mwaka 1636 Ahmadnagar ilikufa, ikagawanywa kati ya Wamughal na Bijapur. Konkan ikaangukia Bijapur, na Wasidi wakabadilisha bwana bila kubadilisha kazi. Kazi ilikuwa kulinda njia ya bahari: kusindikiza majahazi ya biashara, na zaidi ya hayo kuwalinda mahujaji wanaokwenda Jedda na kurudi. Kazi hiyo iliwapa heshima kubwa. Mtawala wa Kiislamu wa bara, mwenye farasi laki na tembo mamia, hakuwa na jahazi moja la maana la vita. Mahujaji wake wakinyang'anywa baharini, aibu ni yake. Kwa hiyo alimhitaji Sidi, na Sidi alijua kwamba anahitajika.

Kisha akatokea Shivaji.

Shivaji Bhonsle, aliyejenga dola ya Wamaratha na kutawazwa mwaka 1674, alishika ngome baada ya ngome katika milima ya Konkan. Alipofika ufuoni akakuta kitu ambacho farasi wake hawakuweza kukifikia. Wasidi waliteremka kwenye vijiji vyake, wakachoma na kuteka, kisha wakarudi kwenye mwamba. Shivaji akajenga majahazi yake mwenyewe kwa ajili ya hali hiyo. Mwaka 1669 akaizingira Janjira kwa nguvu zake zote, na karibu aipate. Mkuu wa wakati huo, Fateh Khan, aliona njaa imeingia ngomeni na Bijapur haileti msaada. Akakubali kuikabidhi ngome kwa malipo na ardhi.

Wasidi watatu wakamkatalia: Sambal, Kasim na Khairiyat. Walimkamata Fateh Khan wakamfunga, wakawaandikia Wamughal kwamba Janjira sasa ni mtumishi wa mfalme wa Delhi. Mfalme huyo, Aurangzeb, hakusita. Majahazi yalitoka bandari ya Surat kuja kuwaokoa, na ukawekwa mpango wa posho ya kila mwaka kutoka mapato ya bandari hiyo. Watatu hao wakagawana kazi: Sambal akashika kikosi cha majini, Kasim akashika ngome, Khairiyat akashika nchi kavu. Hakuna aliyewachinja wenzake ili abaki peke yake. Katika India ya miaka ile, ambapo Aurangzeb mwenyewe alikipata kiti chake kwa kuwamaliza ndugu zake wa tumbo moja, jambo hilo lastahili kutazamwa kwa makini.

Mwaka 1671 Kasim aliitwaa tena Danda Rajpuri, ngome ya ufuoni ambayo Wamaratha walikuwa wameiteka. Alichagua usiku wa Holi, sikukuu ya Wahindu ya moto na rangi, askari wakiwa wamelewa na kuchoka. Khairiyat alitokea upande wa nchi kavu na watu mia kadhaa, wakapiga kelele za vita. Walinzi wote wakakimbilia huko. Kasim akaja kimyakimya kwa upande wa bahari na ngazi za kamba. Katikati ya mapigano ghala la baruti lililipuka, likaua watu wa pande zote mbili. Wanahistoria wa zamani wanasimulia kuwa Shivaji, mbali huko alikolala, aliamshwa na mshindo huo akajua kuwa Danda imepotea.

Hakuacha kujaribu. Karibu na Janjira, juu ya mwamba mwingine, alijenga ngome ya Padmadurg ili kumkaba Sidi koo. Alipofariki mwaka 1680 Janjira ilikuwa bado imesimama. Mwanawe Sambhaji mwaka 1682 alianza kumwaga mawe baharini ili atengeneze tuta la kupitisha jeshi kutoka nchi kavu hadi kisiwani, kazi ya maelfu ya mikono. Wamughal wakamvamia kutoka bara, akalazimika kuondoa watu wake, na tuta likaliwa na mawimbi. Baadaye walikuja akina Angre, manahodha hodari wa Wamaratha, nao wakashindwa. Nadhani adui aliyeisumbua Janjira zaidi hakuwa mmoja wa hawa. Alikuwa kusi.

Sisi watu wa pwani tunazijua pepo hizi. Kusi lile lile linalopita kwetu likivuka bahari hufika Konkan katika mwezi wa Juni na mvua nzito, na bahari hufungwa mpaka Septemba. Majahazi ya vita ya Sidi yalihitaji bandari iliyojificha, na bandari nzuri kuliko zote katika ufuo ule ilikuwa mikononi mwa Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki: Bombay. Mara kwa mara katika miaka ya 1670 Sidi alipiga hodi akitaka kupumzisha majahazi yake Mazagaon, huko huko Bombay. Waingereza walikuwa kwenye mtihani. Wakikataa, wanamuudhi Aurangzeb, na biashara yao Surat iko chini ya mkono wake. Wakikubali, wanamuudhi Shivaji, ambaye anashika vijiji vinavyowaletea kuni na mchele kutoka ng'ambo ya ghuba. Mwaka 1679 Shivaji alikishika kisiwa cha Khanderi mdomoni mwa bandari ya Bombay. Muda mfupi baadaye Sidi akakishika Underi, kisiwa cha jirani, akakijengea ngome. Mizinga ya visiwa hivyo viwili ikawa inajibizana mbele ya macho ya Waingereza, ambao wakati huo walikuwa wachache, wagonjwa, na wasioogopwa na yeyote.

Kuna wakati historia inamweka kila mtu mahali asipotarajia kumkuta. Mwaka 1689 ni mmojawapo. Wakuu wa Kampuni, Josiah Child akiwa London na John Child akiwa Bombay, walijiona wana nguvu za kutosha kupigana na Wamughal. Wakakamata majahazi ya wafanyabiashara wa Surat. Aurangzeb akamwachia Sidi kazi ya kujibu. Sidi Kasim, ambaye sasa alijulikana kwa jina la heshima la Yakut Khan, alishuka Sewri, huko Bombay, usiku mwezi wa Aprili na watu wake, akaiteka Mazagaon, akapandisha mizinga, akawafungia Waingereza ndani ya ngome yao kwa zaidi ya mwaka mzima. Waingereza wakalazimika kutuma wajumbe kwa Aurangzeb, wakaomba radhi, wakatozwa rupia 150,000 na kuamriwa warudishe mali waliyoichukua. John Child alikufa kabla ya msamaha kukamilika. Yakut Khan aliondoka Bombay mwezi Juni 1690, si kwa kufukuzwa, bali kwa amri ya mfalme wake. Mji ule uliokuja kuwa lango la utawala wa Waingereza India nzima ulikuwa umekaa mwaka mmoja chini ya mizinga ya Mhabeshi, na vitabu tulivyosoma shuleni havikututajia hata mstari.

Lakini simpendi mwanahistoria anayetaja ushindi akanyamazia vilio. Wasidi hawa walikuwa watu wakali. Walichoma vijiji vya wakulima ambao hawakuwa na ugomvi nao, wakawakata vichwa mateka, wakawachukua wanawake na watoto utumwani. Barua za Waingereza wa Bombay zimejaa malalamiko juu ya mateka hao. Watu ambao mababu zao walinyakuliwa kutoka kwa mama zao waliwanyakua watoto wa wengine, na hakuna dalili kuwa walisita. Kwa mkulima wa Konkan, jina la Sidi lilikuwa jina la kutishia watoto. Ukienda leo Maharashtra ukasema Janjira ni fahari, utajibiwa kwa upole au kwa hasira kwamba fahari yenu ilikuwa msiba wetu. Yote mawili ni kweli na yanapaswa kusemwa kwa pumzi moja.

Ngome unayoiona leo ilikamilishwa mwanzoni mwa karne ya 18. Lango lake kuu limejificha kwa namna ambayo mgeni anayekuja kwa mashua halioni mpaka awe karibu kabisa, na wakati huo yuko chini ya mizinga. Penye lango kuna jiwe lililochongwa simba aliyewabana tembo kwa makucha yake. Ndani kuna mabwawa mawili ya maji matamu, katikati ya bahari ya chumvi; bila hayo, kuta hizo zote zisingefaa kitu. Upande wa nchi kavu, mahali paitwapo Khokri, yamo makaburi makubwa ya mawe ya Khairiyat, Yakut na mtawala mwingine, Surul Khan.

Karne ya 18 nitaipita upesi. Wamughal walidhoofika, Wamaratha wakawa wakubwa wa India ya magharibi, na katika miaka ya 1730 Peshwa, yaani waziri mkuu wa Wamaratha, Bajirao, alimnyang'anya Sidi sehemu kubwa ya nchi kavu, ikiwemo Raigad, ngome alimotawazwa Shivaji. Kisiwa hakikuguswa. Katikati ya karne hiyo Janjira ilipata kipande kingine mbali sana, Jafarabad, bandari ndogo katika ufuo wa Kathiawar, na ikaitawala mpaka mwisho.

Ila ndani ya nyumba mambo yalibadilika. Kiti cha kuchaguliwa kilianza kuwa kiti cha kurithiwa. Watawala walioa, wakazaa, wakawa na nasaba, na baba mwenye madaraka humtazama mwanawe tofauti na anavyomtazama nahodha hodari. Ugomvi wa urithi ukaingia mahali ambapo mizinga ya Shivaji ilishindwa kuingia. Mrithi mmoja, Abdul Karim, alinyimwa kiti akakimbilia kwa Wamaratha. Mwaka 1791 alikubali kumwachia Peshwa haki yake ya Janjira, naye akapewa vijiji karibu na Surat. Ndivyo ilivyozaliwa Sachin, milki ya pili ya Wasidi, ndogo hata kuliko ya kwanza, yenye nawabu wake wa mizinga tisa. Peshwa alidhani ameinunua Janjira kwa karatasi. Wasidi waliokuwa ngomeni hawakuitambua karatasi hiyo, na Peshwa hakukanyaga kisiwani.

Waingereza walipomaliza nguvu za Peshwa mwaka 1818, waliikuta Janjira haimlipi mtu kodi, wakaiacha hivyo. Kwa nusu karne hawakuweka hata ofisa mmoja wa kukaa Murud, jambo la nadra kwa milki ya India. Karibu mwaka 1868 wakapata sababu: Nawabu Ibrahim Khan alilaumiwa kwa jinsi kesi za jinai zilivyoendeshwa, na madaraka hayo yakatwaliwa na kupewa ofisa wa Kiingereza. Kitu ambacho Shivaji, Sambhaji na akina Angre hawakukipata kwa vita, serikali ya Bombay ilikipata kwa barua. Ibrahim Khan alifariki mwaka 1879, na mwanawe Ahmad Khan, kijana wa miaka 16, akasubiri hadi mwaka 1883 kukabidhiwa madaraka yake.

Ahmad Khan alitawala mpaka mwaka 1922. Alihama mwambani akajenga jumba la kifahari Murud, juu ya mlima unaotazama bahari, akaleta maji ya bomba mjini na kufungua shule. Huu ni utawala wa mtu ambaye hana tena vita vya kupigana. Hata hivyo aliyenivutia zaidi katika jumba hilo ni mkewe, Nazli Begum. Alitoka katika ukoo wa Fyzee na Tyabji wa Bombay, wafanyabiashara na wanasheria waliosomesha mabinti zao wakati ambapo wengi hawakudhani inafaa. Dada yake Atiya Fyzee alikuwa rafiki wa mshairi Iqbal, na mwanachuoni Shibli Numani alikuwa mgeni wa Janjira. Mwaka 1908 Nazli alisafiri Ulaya pamoja na mumewe na dada yake, akaandika kitabu cha safari kwa Kiurdu kiitwacho Sair-i-Yurop. Hakujaliwa mtoto. Nawabu alitaka mrithi, ndoa ikavunjika, akaolewa Kulsum Begum, naye akamzaa mwana mwaka 1914. Baba alipofariki mwana alikuwa na miaka minane, na Kulsum aliendesha milki kwa niaba yake hadi mwaka 1933. Kwa miaka kumi na moja mtawala halisi wa Janjira alikuwa mwanamke, na anastahili mtafiti wake.

Na Wasidi wengine je? Niliahidi kuwafikia. Katika misitu ya Karnataka, katika vijiji vya Gujarat kama Jambur, na mijini, wapo Wasidi maelfu ambao hawakuwahi kuwa na ngome. Wengi wao asili yao ni Afrika ya mashariki, bara na pwani yetu, na uchunguzi wa vinasaba unawaonyesha kuwa jamaa wa karibu wa Wabantu. Gujarat wanazuru kaburi la Bava Gor kwenye kilima cha Ratanpor, walii wao mweusi anayehusishwa na biashara ya akiki, na mbele ya kaburi wanacheza goma kwa ngoma ziitwazo musindo. Msikilizaji, hapo huhitaji mkalimani. Umbali kati ya watu hao na manawabu wa Janjira na Sachin ulikuwa mkubwa sana. Nawabu alioa katika koo tukufu za Waislamu wa India, akasoma Kiajemi na Kiingereza, akahesabiwa miongoni mwa wakuu. Sidi wa kijijini alibaki kibarua, faqiri, au mtu wa kuitwa kucheza kwenye harusi. Asili moja ya bara haikuwafanya wamoja, na siku milki zilipofutwa, Wasidi wa Karnataka walikuwa na safari ndefu mbele yao: serikali ya India iliwaingiza kwenye orodha ya makabila yanayostahili msaada maalumu mwaka 2003.

Mwisho wa Janjira ulikuja bila risasi. India ilipata uhuru Agosti 1947, na watawala wadogo wakaambiwa waunganishe nchi zao na Muungano. Sidi Muhammad Khan, mtoto wa Kulsum, aliyekuwa na miaka 34 hivi, aliikabidhi milki tarehe 8 Machi 1948. Murud na vijiji vyake vikaingizwa wilaya ya Kolaba, ambayo leo inaitwa Raigad. Jimbo la Bombay lilipogawanywa mwaka 1960, Janjira ilibaki Maharashtra. Jafarabad na Sachin zikawa Gujarat. Nawabu aliendelea kupokea posho iliyoahidiwa watawala wa zamani, mpaka bunge la India lilipofuta posho zote na vyeo vyote mwaka 1971. Alifariki mwaka uliofuata.